Damu nyuma ya jicho: sindano leo au boti kesho?

Mchumaji karafuu akianguka Pemba, watu hukimbilia kutazama mgongo na miguu. Kipaji kikivimba hukandwa, jicho likawa jeusi wiki mbili, habari ikaisha. Miaka mitano baadaye mkewe anamwambia: "Mbona jicho hili limeshuka?" Halimuumi. Ila akitazama juu anaona vitu viwili viwili, na kazi yake yeye ni kutazama juu.

Pengine ni kifuko cha damu kongwe. Pigo lile lilivujisha damu baina ya mfupa wa juu wa tundu la jicho na utando unaoufunika. Kwa wengi damu hiyo hunyonywa na mwili. Kwa wachache hubaki, ikageuka majimaji ya rangi ya kahawa yenye chembe za kolesteroli, na mwili ukaizungushia ukuta wa kovu. Vimishipa dhaifu vya ukuta huo huendelea kuvuja, kifuko kikakua taratibu huku kikila mfupa.

Wako wanaosema kitobolewe kwa sindano hapo hapo kisiwani. Siwabezi. Tundu zima la jicho la mtu mzima ni kama mililita 30, vijiko viwili vya kulia chakula, na limezungukwa na mfupa. Kikiongezeka kitu ndani, ama jicho litasukumwa nje ama neva ya kuona itabanwa. Kupunguza mililita chache tu huleta nafuu papo hapo. Halafu kutoka bandari ya Mkoani kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa picha au upasuaji, kuna nauli ya boti, mtu wa kufuatana naye, na pa kulala. Pengine ni kuvuka tena mpaka Dar es Salaam.

Tabu ni kwamba sindano hutoa maji ikauacha ukuta, na ukuta ndio unaovuja. Mara nyingi kifuko hujaa tena. Daktari akipasua karibu na nyusi, akafika mfupani na kukwangua ukuta wote, kurudi kwake huwa nadra. Aliyekwepa nauli moja huishia kulipa tatu.

Hilo bado ni la fedha. Linalonitia hofu hasa ni kutoboa kitu usichokijua. Kwa mtoto, saratani ya misuli huweza kulisukuma jicho nje kwa wiki chache tu, na ile inayoanzia tumboni juu ya figo humfanya avilie damu kuzunguka macho kama aliyepigwa. Jicho linalodunda pamoja na moyo huenda mshipa mkubwa umepasukia nyuma yake, au ubongo umechungulia kwenye ufa wa mfupa. Hapo sindano ni balaa. Altrasaundi hutenganisha maji na nyama, lakini mwisho wa tundu haipaoni vizuri. Sitiskani (CT), picha ya eksirei ya vipande vipande, huonesha mfupa ulivyoliwa. MRI, picha ya sumaku, huonesha kama ni damu, na ya zamani kiasi gani. (Na hijama ya kwenye kipaji, kwa heshima zote, haifiki huko.)

Picha nayo isigeuzwe tiketi ya kwenda kupasuliwa. Mtoto mwenye selimundu huweza kuvimba jicho ghafla, mfupa wake ukiwa umekosa damu na kuvuja. Wengi wao hupona kwa maji, dawa za maumivu na uangalizi wa karibu, bila kisu. Na yule ambaye jicho huvimba kila akipata mafua, pengine alizaliwa na vifuko vya mishipa ya limfu vinavyovujiwa damu. Hivyo siku hizi huchomwa dawa ya kuvinyausha, kwa kuwa kuving'oa vyote bila kugusa neva ni vigumu.

Kwa hiyo mimi niko na wanaotaka picha kwanza, isipokuwa pale uoni unapoanza kupotea. Kujua hilo hakuhitaji mashine. Mfunike mgonjwa jicho moja, mwoneshe kifuniko chekundu cha soda, kisha badilisha. Akisema upande wa jicho bovu wekundu umepauka kama kanga iliyofuliwa mno, huenda neva inabanwa. Na aliyeanguka leo, jicho likawa gumu kama jiwe na halioni, ana kama saa moja na nusu mpaka mbili tu: hupigwa ganzi, pembe ya nje ya kope ikakatwa ili jicho lipate nafasi. Boti ya asubuhi imkute keshakatwa.