Kichwa Kisichoujua Mwili Wake

Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alipata kuitwa marehemu huku akinywa chai. Gazeti lilikuwa limechapisha habari ya hafla aliyoandaliwa na wanafunzi wake wa zamani, na chini ya picha yake, pale palipostahili neno "mwalimu", pakakaa "marehemu". Simu zilianza kuingia kabla hajamaliza kikombe, nyingine za watu waliokwisha kuanza kulia, ikawa yeye mwenyewe ndiye anayepokea na kuwapa pole wapigaji. Masahihisho yalitoka siku nne baadaye katika kurasa za ndani: mistari mitano iliyobanwa kati ya matangazo mawili, na humo jina lake likakosewa herufi moja.

Wasomaji wengi huyatenga makosa ya magazeti katika mafungu mawili. Kosa la uzembe, kama hilo la baba mdogo, husamehewa kwa kicheko. Kichwa cha habari kinachopotosha huhesabiwa kuwa ujanja wa biashara na hulaumiwa kwa ukali zaidi. Mimi naona kwamba mara nyingi yote mawili yamepikwa katika chungu kimoja, yaani ukurasa umekwenda mtamboni bila mtu hata mmoja kuusoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho, huku akijiuliza kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea.

Aghalabu tunamlaumu asiyehusika. Tukiudhiwa na kichwa cha habari, hasira zetu humwangukia mwandishi ambaye jina lake limewekwa hapo chini, ilhali katika magazeti mengi si yeye aliyekitunga. Mwandishi huipeleka habari yake kwenye dawati, mhariri akaipunguza ienee nafasi iliyobaki, kisha akaitafutia maneno matano au sita yanayotosha upana wa safu, tena saa ambayo kila mtu anahimizwa ukurasa ufungwe. Mhariri huyo akiishia aya ya kwanza, habari ya polisi kuchunguza madai ya wizi hugeuka kuwa "Wezi wa fedha za umma wabainika", na neno "madai", lililokuwa limeubeba ukweli wote wa habari ile, huachwa kwa kisingizio cha nafasi. Nimeona kwamba "yadaiwa", "huenda" na "yasemekana" ndiyo maneno ya kwanza kukatwa. Hayauzi gazeti. Vivyo hivyo mtuhumiwa, ambaye bado hata hajafikishwa mahakamani, huitwa mhalifu kwenye kichwa, akarudi kuwa mtuhumiwa katika aya ya tatu, na majirani zake wakabaki na jina lile la juu.

Kiswahili nacho kina mitego yake, ambayo mhariri anayekitumia kila siku hapaswi kunaswa nayo. Lugha ya vichwa vya habari hupenda vitenzi vifupi kama "afa", "anaswa" na "wafungwa", na ufupi huo una nguvu na utamu wake. Hata hivyo, "Walimu wafungwa" inaweza kuwa habari ya hukumu, habari ya timu ya walimu iliyolala uwanjani, au habari ya walimu wanaotumikia kifungo, na msomaji hana njia ya kujua mpaka ashuke chini. Herufi moja ikipotea, aliyefuatwa kazini amekwisha kufutwa kazi. Wananchi wanaopiga "kula" wamekuwa mzaha wa miaka mingi, na kila nionapo "hutuba" ya bajeti hujiuliza ni msikiti gani uliopitisha bajeti hiyo.

Katika tarakimu uzembe hauchekeshi hata kidogo. Milioni ikigeuka bilioni, mtu anaweza kuitwa fisadi kwa sababu ya herufi moja tu. Pamoja na hayo, takwimu inaweza kunakiliwa sawasawa na bado ikapotosha. Mwezi Oktoba 2015, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu, kundi hilohilo lenye tumbaku. Vichwa vya habari katika nchi nyingi vikatangaza kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Kumbe makundi yale hupima uthabiti wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, na wakala wenyewe ulilieleza jambo hilo. Kiwango kilichotajwa kilikuwa ongezeko la asilimia 18 katika uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku. Tuseme kwamba kati ya watu 100, watano wangeugua hata hivyo. Kwa ongezeko hilo wangekuwa takriban sita. Hiyo ni habari inayostahili kuchapishwa, na msomaji angeielewa vizuri kama mtu wa dawatini angetumia dakika kumi kuielewa kwanza.

Wahariri wana utetezi mmoja wanaoupenda: kwamba kichwa ni cha kuvutia tu, na anayetaka ukweli asome habari yenyewe. Utetezi huu ungesimama kama watu wangesoma. Utafiti wa mwaka 2016 wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa ulikadiria kwamba asilimia 59 ya viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter havikufunguliwa na mtu yeyote. Hata wale wanaosoma hawasalimiki. Mwanasaikolojia Ullrich Ecker wa Chuo Kikuu cha Western Australia, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 2014 kwamba kichwa kinachopotosha huathiri kumbukumbu na hitimisho la msomaji, hata akiwa ameisoma habari iliyo chini yake. Kichwa kinakuwa kimekwisha kumwambia atafute nini, naye hukitafuta hicho.

Najua kwamba vyumba vya habari vimepungukiwa watu, na kwamba wasoma prufu ni miongoni mwa walioondolewa mapema, kwa imani kwamba kompyuta ingeifanya kazi yao. Kompyuta hailioni kosa la "marehemu", kwa kuwa neno hilo limeandikwa sawasawa. Nisichokikubali ni namna ya kusahihisha. Kosa lililotoka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa husahihishwa ndani kwa herufi za kutafutiwa miwani, na mtandaoni mambo ni mabaya zaidi, kwani kichwa hubadilishwa kimyakimya bila neno lolote kwa msomaji, wakati picha ya kile cha zamani imekwisha kuzunguka makundi yote ya WhatsApp. Gazeti linalosahihisha mahali palepale lilipokosea, kwa herufi zilezile, lingeaibika mara mbili tatu, kisha lingeanza kusoma kurasa zake kabla ya kuzichapa.

Baba mdogo bado hununua gazeti lile. Husoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea ya darasani, na jioni huniita kunionyesha alama alizowapa. Ile mistari mitano ya masahihisho aliikata, akalirekebisha jina lake, akaandika pembeni "Rudia", akaituma kwa mhariri. Hajajibiwa.