"Helikopta ipo" sio mpango

Siku hizi kila kundi la hapa mjini linalojipanga kwenda kupanda Kilimanjaro, ukiwauliza mtu akizidiwa huko juu itakuwaje, jawabu ni moja tu, "helikopta ipo". Basi, mazungumzo yamekwisha, wanarudi kwenye habari za majaketi na viatu na nani atashika bendera kwenye picha. Mie jawabu hilo linanikera.

Sie watu wa visiwani bwana. Kilima kirefu kabisa cha Unguja hakifiki hata mita 200, na Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895, oksijeni unayopata huko kwa kila pumzi ni kama nusu ya hii tunayoivuta Forodhani. Mlima hauangalii kama unakimbia Maisara kila alfajiri. Kijana kifua mbele anaweza kulala chini na mama mtu mzima akapita zake mdogo mdogo mpaka juu.

Sasa hio helikopta. Watu huanza kupanda kileleni usiku wa manane ili jua liwakute juu, kwa hiyo mtu akiharibikiwa mara nyingi ni saa tisa saa kumi za usiku, giza na baridi, na saa hizo helikopta haiji. Kukicha mawingu yakifunga, haiji pia. Na hata hali ikiwa nzuri, hewa ya kule ni nyepesi, mapanga yake hayapati nguvu, kwa hiyo mgonjwa inabidi ateremshwe kwanza mpaka pahala inapoweza kutua. Na kuruka kwenyewe si mchezo, Disemba 2025 helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa ilianguka karibu na kambi ya Barafu, watu wote watano waliokuwemo wakafa, daktari na rubani wakiwemo.

Kinachofanya kazi kule kila siku ni machela ya chuma yenye gurudumu chini yake. Wagumu (ndo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani) wanaishika pande zote, mgonjwa kafungwa mikanda juu yake, wanateremka naye kwenye changarawe huku wanapiga kelele watu wapishe njia. Maana dawa ya ugonjwa wa mlima ni kushuka. Mtungi wa oksijeni na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) vinasaidia kumfikisha chini, sio kumbakisha juu. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, hawezi kufuata mstari ulionyooka, au kakaa tu hafanyi kitu na bado anahema na kifua kinakoroma, ujue ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji, huyo hangojewi kuche, anashushwa saa hio hio.

Lakini watu wana haya. Kalipa pesa nyingi, kaaga mtaa mzima, stetasi kaweka, kichwa kinamgonga toka jana na kiongozi akimuuliza anasema niko poa. Kwani ukirudi hujafika kileleni nani atakupiga?

Linaloniuma zaidi ni wagumu wenyewe. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani na watalii wengi wanakuja kwetu moja kwa moja kutoka mlimani, midomo imechanika, pua imebabuka. Mmoja alinihadithia helikopta ilivyomchukua, bima ya kwao ikalipa kila kitu, na pale kambini aliacha mpagazi aliyekuwa akitapika toka usiku, kaambiwa ashuke kwa miguu. Na mzigo kabeba. Mzigo! Mgeni mwenyewe alikuwa akinihadithia macho yako chini. Halafu utasikia watu ati kazaliwa Moshi huyo, mlima haumuwezi. Moshi mjini penyewe hapafiki mita 1,000.

Na bima msichanganye. Zile dola 44 wanazolipa wageni kuingia Zanzibar toka Oktoba 2024 ni za hapa hapa visiwani, hazikupandishi mlimani, nishawaeleza wageni mpaka nimechoka. Na bima nyingi za safari zina kikomo cha mita za kwenda juu, ukishakivuka ni kama huna kitu.

Kwa hiyo nyie mnaoondoka, kabla hamjalipa ulizeni. Mtungi wa oksijeni unafika mpaka kambi ya mwisho au unabaki getini? Mmoja akirudishwa anashuka na nani, na waliobaki wanabaki na kiongozi gani? Safari ya siku tano bei yake rahisi lakini mwili unakuwa haujazoea, ongezeni siku mbili hata kama mtachelewa kuchanga. Na mgumu akiumwa anashushwa vipi, hospitali analipa nani? Wakikujibuni "inshaallah hatoumwa mtu", chukueni pesa zenu mwende kwa wengine.