Msikate Waya wa Ethi

Wiki iliyopita hamali alinishushia mezani ekwalaiza ya zamani ya bendi 31, chombo cha kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, chuma kitupu. Kabla sijashika bisibisi nilishajua ugonjwa wake. Slaida zote zilikaa karibu na katikati isipokuwa mbili, ya hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) na ya hezi 100, ambazo zilivutwa chini hadi mwisho. Mtu alikuwa akipigana na mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake huingia kwenye spika kwa hezi 50 hizo hizo au maradufu yake. Slaida zile ziliuficha, na pamoja nao zikaizika besi na uzito wote wa dumbaki.

Nikageukia plagi. Waya wa kijani na manjano, yaani ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukaviringishwa tepu nyeusi. Roho ilinichafuka, na ndiyo sababu ninaandika.

Mafundi wenzangu wa Amu (Lamu) na Shela, hata nyinyi wa Malindi: nawaomba msikate waya huu. Najua kwa nini mnaukata, maana nami nilifunzwa hivyo. Harusi imeanza, spika zinavuma, mwenye shughuli amekusimamia kichwani, "Fundi, vipi tena?" Unakata ethi, kimya kinarudi papo hapo, na wewe unaonekana bingwa.

Nilikuwa bingwa wa namna hiyo. Usiku mmoja, kwenye kesha la kinamama, nilikata ethi ya mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti) na ya amplifaya pia, nikatoka nje ya pazia kukaa barazani. Sakafu ilikuwa imepigwa maji na mwimbaji alikuwa miguu mitupu. Nilisikia ukelele. Maikrofoni ilikuwa imempiga midomoni. Alhamdulillahi alipona, ila ule ukelele ninao hadi leo.

Tuelezane kinachotokea. Mikisa imeungwa na ethi ukutani, ekwalaiza nayo vilevile, halafu vyote viwili vimeshikana tena kwa wavu wa waya unaozunguka kebo ya sauti. Hapo imekuwa duara, na umeme mdogo wa hezi 50 unazunguka ndani yake. Ukikata ethi ya kimoja duara linavunjika, mvumo unakoma, lakini bodi la chuma, yaani kasha la chombo, limebaki bila kinga yake. Wavu ule mwembamba ndio sasa unaofanya kazi ya ethi. Siku trafo (transfoma ya umeme iliyo ndani ya chombo) ikivujisha volti 240, wavu unaweza kuungua, na njia inayobaki ni mwili wa mtu. Na trafo za kisiwani huvuja. Kuta zetu za matumbawe na chokaa zinanyonya unyevu, pepo zinaleta chumvi, na ukifungua chombo cha miaka 30 utaona kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa kama ukungu juu ya mkate.

Kosa halipo kwenye ethi. Mara nyingi lipo ndani, mahali waya wa pini ya kwanza ya soketi za sauti (zile za pini tatu, na ya kwanza ndiyo ya wavu) ulipoungwa. Vyombo vingi vya zamani viliupeleka moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, kwa hiyo uchafu wote uliokuja na wavu unapita katikati ya saketi ya sauti. Neil Muncy, mtaalamu wa sauti, aliliandika jambo hili mwaka 1995, likajulikana kama tatizo la pini ya kwanza, na mwaka 2005 Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, ikatoa kanuni ya AES48: wavu uungwe na bodi la chuma pale pale unapoingia.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Ondoa waya wa pini ya kwanza kwenye saketi. Kwangua rangi karibu na soketi mpaka chuma king'ae (wengi huruka hapa, kisha wakalaumu waya), funga waya mnene, mfupi kadiri unavyoweza, kaza skrubu, paka grisi kidogo kuzuia chumvi. Soketi za kutolea sauti uzifanyie vivyo hivyo. Ukiwa humo ndani, angalia pini 2 na 3 pia, maana vyombo vya zamani vya Marekani vingi vimezibadilisha nafasi. Mwisho weka mita kati ya pini ya ethi ya plagi na bodi la chuma; ikizidi omu moja, hujamaliza.

Mvumo ukibaki baada ya hapo, tia trafo ya sauti ya uwiano wa 1:1 kati ya vyombo viwili. Na ukisikia mkwaruzo mkali wa hezi 100 hata kebo zote zikiwa zimechomolewa, hizo ni kapasita za pawa zimekauka. Badilisha kapasita; ethi haina kesi.

Ekwalaiza ile niliimaliza Alhamisi. Slaida za 50 na 100 nikazirudisha katikati. Mwenyewe alipokuja akatega sikio kwenye spika, kisha akaniuliza kama nimeiwasha. Nikampigia kanda ya taarabu. Dumbaki lilipoingia, alikaa kwenye kigoda akasikiliza mpaka upande mzima ukaisha. Plagi nimemtilia mpya, fyuzi ya ampia 3, na waya wa kijani umebanwa kwenye skrubu yake.