Taa inawaka, sauti hakuna

Yaani taa inawaka. Nabonyeza kinanda, taa ya kwenye boksi langu la sintesaiza, mashine ya kutoa sauti za muziki kwa umeme, inapepesa vizuri kabisa, ujumbe umefika, tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Halafu ukishakata tamaa umekaa zako na chai, ghafla linaachia noti moja hiyo, piiiiii, na halinyamazi, unabonyeza, unaachia, unabembeleza, wapi, mpaka uchomoe waya ukutani. Na ukishachomoa mama mwenye nyumba yuko mlangoni, "baba, leo kuna nini tena humu ndani?" Shikamoo mama, hamna kitu, ni midi, ile lugha ya kwenye waya ambayo kinanda kinaiambia sintesaiza ipige noti gani.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1983 Roland wa Japani na Sequential Circuits wa Marekani, watu wanaogombania wateja walewale, waliunganisha vinanda vyao kwa waya mbele za watu kule California na vikasikilizana. Washindani hao! Mimi kinanda changu, sintesaiza nimeiunda kwa mkono wangu, vyote viko meza moja, vinakula umeme ekstensheni moja, havisalimiani.

Na msiniambie nikague waya, nimekagua. Pini tano, zinazopeleka ujumbe ni ya nne na ya tano, ya katikati ni ya kinga, mbili za pembeni zipo tu zinakula mshahara. Out imeingia In, sio Out kwa Out kama alivyonishauri jirani fundi redio. Chaneli ni 1 huku na 1 kule. Programu inasoma kwa spidi ileile ya midi, 31250. Sasa?

Tatizo ni kile kidude cha pale waya unapoingia kwenye boksi, panapotakiwa 6N138. Kina miguu minane, ndani kuna kitaa na kijicho, umeme unaishia kwenye kitaa, kinachovuka ni mwanga tu, ili eathi ya huku na ya kule zisikutane spika ikaanza kuunguruma. Nikaenda zangu Kariakoo.

"Karibu boss, nikupe nini?"

"6N138."

"Ya simu gani?"

"Sio ya simu, ni aisii."

Akavuta droo, akachambua, akaniwekea kitu kaunta. PC817. Miguu minne.

"Kaka, ninayotaka ina miguu minane."

"Ni ileile boss. Hiyo mingine ni ya kushikilia tu."

Na kinachokera nusu yuko sahihi, mguu wa kwanza na wa nne kwenye 6N138 haujaungwa popote! Ila huwezi kumkubalia muuza duka nusu, atachukua yote. Mzee mmoja kakaa pale na kikombe chake cha kahawa akadakia, "mpe ile ya kwenye TV." Dada aliyefuata rimoti ya sabufa naye, "kwani huwezi kutumia bluutuuthi?"

"Kwani unatengeneza nini?" yule kijana akauliza.

"Kinanda."

"Si vipo vinauzwa ghorofani hapo juu?"

"Natengeneza mwenyewe."

Wakanyamaza wote. Dada wa rimoti akaniambia pole. Pole ya msibani kabisa.

Nikajikusanya, nikaweka shati vizuri, nikawaeleza kwa utulivu wa mtu mzima kwamba midi inakimbia biti 31250 kwa sekunde, biti moja inapita ndani ya maikrosekunde 32, na hiyo PC817 imezoea kazi za kwenye chaja ambako hakuna anayeikimbiza, kabla haijamaliza kuzima kwa biti hii inayofuata imeshaingia, kwa hiyo kinachotoka upande wa pili ni uji.

Mzee akanywa kahawa, akatafakari, akasema, "basi punguza spidi."

HAIPUNGUZWI MZEE! Ni mkataba wa dunia nzima, niipunguze mimi nani? Watu wa duka la pili wakatoa vichwa. Kijana akaona nimepandwa, akanifungia ileile PC817 kwenye gazeti, "chukua boss, ikigoma rudisha," akanipa na risiti, na chini ya risiti kumeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Basi ndiyo hiyo iko humu ndani inanitesa. Ujumbe wa kuwasha noti ukibahatika kufika mzima, wa kuzima unafika umetafunwa, ndiyo maana hiyo piiiii. Nimebadilisha rizista mpaka vidole vina malengelenge. Mwalimu wa kwaya kapiga simu, kitakuwa tayari Jumapili? Nikamwambia Mungu akipenda.

Nilitaka angalau nipime nijue uji unaanzia wapi, mita hamna. Aliiazima jirani apime betri ya bodaboda yake, akairudisha vizuri, na asante juu, nikiiwasha haiwaki, nafungua nyuma, betri ya volti 9 haipo. Namuuliza ananiambia alimpa mjumbe mara moja. Naenda kwa mjumbe naambiwa yuko kwenye mkutano wa mtaa, nafika nakuta mwenyekiti kashika maiki isiyo na waya, sauti inatoka safi kabisa, hata kukwaruza haikwaruzi, anaongelea mitaro, na ajenda inayofuata ni walinzi, halafu kuna maswali.