Ugonjwa ukibadilishiwa mpaka, nani kapona na nani kaugua?

Novemba 2017 vyama vya madaktari wa moyo Marekani vilishusha mstari wa presha toka 140/90 hadi 130/80, basi watu wazima wenye presha nchini humo wakaruka toka kama asilimia 32 hadi asilimia 46, na hakuna hata mmoja aliyeamka na damu tofauti na ya jana yake. Ulaya mwaka uliofuata wakaamua kubaki na 140/90 yao. Yaani mtu mwenye 135/85 akipanda ndege anaondoka mgonjwa anatua mzima, na dawa hajameza.

Wengi walisema hii ni biashara ya dawa tu. Nawaelewa, ila tuwe fea kidogo, ule mstari haukutolewa hewani. Miaka miwili kabla kulikuwa na utafiti wa SPRINT, watu zaidi ya 9,000, na wale walioshushwa namba ya juu chini ya 120 walipata matatizo machache ya moyo na vifo vichache kuliko waliolengwa chini ya 140, mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda. Alafu wengi wa hao wagonjwa wapya hawakuandikiwa kidonge, waliambiwa wapunguze chumvi na uzito na wafanye mazoezi. Lakini wanaopinga nao wana hoja nzito: SPRINT ilichukua watu waliokuwa tayari kwenye hatari kubwa ya moyo, wenye kisukari wakaachwa nje, presha ikapimwa kwa utulivu ambao kliniki yenye foleni haina, sasa jibu la hao unamvishaje kijana wa miaka 30 asiye na tatizo lingine lolote? Na jina la ugonjwa lina uzito wake hata bila dawa, bima wanaliona, na wewe mwenyewe ukilala unaliwaza.

Mi naona ubishi hauishi kwa sababu tukisema mfumo mpya wa kuainisha magonjwa "umejaribiwa" tunachanganya vitu viwili. Cha kwanza, madaktari wawili wakimwona mgonjwa yuleyule kila mmoja kivyake, wataandika kitu kimoja? Kuna kipimo chake kinaitwa kapa, 0 ni kukubaliana kwa bahati tu, 1 ni kukubaliana kila mara. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili uliotoka 2013, ulijaribiwa hivyo kabla: PTSD, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, ikapata 0.67, sonona, ambayo kila mtu anadhani anaijua, ikapata 0.28. Kidogo sana. Wanaoutetea wanasema zamani namba zilipendeza kwa vile walitumika wahojaji waliofundishwa maswali maalum, safari hii wakatumika madaktari wa kawaida, kwa hiyo namba ni mbaya ila ni ya kweli. Hilo nawapa. Tena vigezo vya sonona havikubadilika sana toka toleo la nyuma, kwa hiyo huenda udhaifu ulikuwepo siku zote.

Cha pili ndo kigumu, maana madaktari wanaweza kukubaliana vizuri tu na wote wakawa wamekosea. Hapa unahitaji kumfuata mgonjwa miaka. Mfano ninaoupenda ni uvimbe mmoja wa tezi ya thairoidi, ule uliofungwa kwenye ganda lake na haujapenya nje, ambao ulikuwa unaitwa kansa na watu wanatolewa tezi nzima na kupewa iodini ya mionzi. Kundi la wataalamu wakarudi kwa wagonjwa 109 wa aina hiyo waliofuatiliwa kati ya miaka 10 na 26, wote wazima, kwa hakuna hata mmoja uvimbe umerudi, ndipo 2016 wakapendekeza neno kansa litolewe. Na 2018 wakabana tena vigezo vyao wenyewe. Mabadiliko ya namna hii nayaunga mkono mikono miwili.

Kuna gharama nyingine haiongelewi sana, takwimu. ICD-11, orodha ya kuainisha magonjwa ya WHO (Shirika la Afya Duniani), iliyoanza kutumika Januari 2022, imehamisha kiharusi toka magonjwa ya mzunguko wa damu kwenda magonjwa ya mfumo wa fahamu. Kitabibu ni sawa kabisa, kiharusi kiko kwenye ubongo. Ila ukichora grafu bila kuangalia, vifo vya moyo na mishipa vinashuka ghafla na waziri fulani atajipongeza. Ndo maana kuna haja ya kuandika kwa kodi (alama za magonjwa kwenye orodha) za zamani na mpya sambamba kwa muda, hata kama inachosha watu wa rekodi.

Na kuna kosa ambalo kapa isingelikamata kamwe. ICD-11 hiyohiyo ilikuwa imeweka uzee kama kodi inayojitegemea, na madaktari wangekubaliana vizuri sana kwamba mzee wa miaka 90 ni mzee. Watetezi wa wazee wakapiga kelele kwamba ukishaandika uzee hakuna atakayehangaika kutafuta ugonjwa wenyewe, na WHO wakaibadilisha kabla mfumo haujaanza kazi.