"Acha uumuke saa moja"

Hivi wanaoandika mapishi ya mkate wanadhani sote tunaishi Dar es Salaam? "Funika unga, acha uumuke saa moja mahali penye joto." Joto lipi jamani? Mimi niko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huu ni Julai. Asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi.

Jana nimekanda saa mbili asubuhi. Nikafunika bakuli kwa khanga mbili, nikaketi kufuma sweta la mtoto huku nikisubiri. Mgongo mzima wa sweta ukaisha, unga bado umelala kama jiwe! Umekuja kuumuka saa sita kasoro.

Hamira ni kitu hai. Baridi haiiui, inaichelewesha tu. Sasa mgeni wa mapishi akiona unga hauendi, anaongeza hamira, mkate unanuka. Au anamwagia maji yanayochemka, na hapo ndipo anapoiua kabisa. Halafu anaambiwa hajui kupika. Inaniuma sana, maana jirani yangu ametupa kilo mbili za ngano kwa sababu hiyo hiyo, na ngano yenyewe bei si mchezo.

Andikeni basi: "acha mpaka uwe mara mbili." Saa ya ukutani haijui hali ya hewa ya mtu. Mkate wangu wa jana, pamoja na kuchelewa kote huko, ulikuwa mtamu kuliko ule wa Januari.