Je, Mzunguko Uwe na Mlango Mmoja tu wa Kutokea?

Zoezi la mwanzo la mizunguko, yaani sehemu za programu zinazojirudia, analopewa mwanafunzi wa programu ni jepesi kulisema: soma bei za bidhaa moja moja, zijumlishe, ukikuta sifuri acha. Ugumu uko katika kuliandika, kwa sababu mahali pa kuachia si mwanzoni mwa mzunguko wala mwishoni. Ni katikati, baada ya kusoma bei na kabla ya kuijumlisha. Kwa lugha ya Python wengi huandika hivi:

```
jumla = 0
while True:
    bei = int(input())
    if bei == 0:
        break
    jumla += bei
```

Break hapo ni amri ya kutoka kwenye mzunguko papo hapo. Wapo walimu watakaomkata maksi mwanafunzi aliyeandika hivyo. Kwao, sharti la while, yaani sharti la kuendelea kurudia, likae juu, lionekane, na mzunguko uwe na mlango mmoja. Msimamo huo una mizizi. Mwaka 1966 wanasayansi wa kompyuta Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kuwa programu yoyote yaweza kujengwa kwa mfuatano, uchaguzi na marudio peke yake. Miaka miwili baadaye mwenzao Edsger Dijkstra aliandika barua mashuhuri dhidi ya goto, amri ya kuruka kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, na break ni ndugu yake mdogo. Ukisoma `while bei != 0` (rudia maadamu bei si sifuri), na ndani hamna break, unajua kwa hakika kwamba nje ya mzunguko bei ni sifuri. Ongeza break tatu humo ndani, na hakika hiyo imekwisha: itakubidi usake kila mlango.

Hofu hiyo si ya darasani tu. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T huko Marekani uliyumba kwa takriban saa 9. Chanzo kilikuwa break moja ya lugha ya C, iliyokaa ndani ya if iliyokuwa ndani ya switch (amri ya kuchagua njia moja kati ya nyingi), ikatoka mahali ambapo mwandishi hakukusudia.

Hata hivyo, tuangalie gharama ya kuikataa break. Bila break, mwanafunzi wetu itamlazimu asome bei mara mbili, kabla ya mzunguko na tena mwishoni mwake, au abuni kigeu (jina la kuhifadhia thamani) cha ziada cha kukumbuka kama kazi imekwisha. Mstari ulioandikwa mara mbili ni mtego: kesho utarekebisha mmoja na kuusahau mwingine. Mwaka 1983 Elliot Soloway, Jeffrey Bonar na Kate Ehrlich walichapisha utafiti ambamo waliwapa wanafunzi zoezi la aina hiihii. Waliopewa lugha inayoruhusu kutoka katikati ndio waliopatia zaidi. Kwangu ushahidi huo una uzito kuliko usafi wa nadharia, maana programu husomwa na kuandikwa na watu.

Kwa continue, amri ya kuruka mistari iliyobaki na kuanza duru inayofuata ya mzunguko, mkono wangu ni mzito zaidi. Kwenye for, mzunguko unaosogeza hesabu wenyewe, haina shida kubwa. Kwenye while yenye `i += 1` (ongeza i kwa moja) mwishoni, continue huuruka mstari huo, i haisogei, na programu inazunguka bila kikomo. Kanuni za MISRA za mwaka 2004, zilizotungwa kwa ajili ya programu za C zenye kuhitaji usalama kama za magari, ziliikataza continue kabisa na kuruhusu break isiyozidi moja kwa kila mzunguko.

Na mizunguko ikiwa mmoja ndani ya mwingine? Break hutoka ule wa ndani tu. Lugha ya Java ina lebo za kuutaja wa nje. Python ilipelekewa pendekezo kama hilo mwaka 2007, muasisi wake Guido van Rossum akalikataa. Nadhani alifanya sawa. Hamishia mizunguko hiyo kwenye fankshoni yake, yaani kipande cha programu chenye jina lake, kisha return moja, amri ya kutoka kwenye fankshoni, inatosha.

Mwanafunzi wa bei na sifuri, basi, mimi nisingemkata maksi. Ningeweka kidole chini ya mstari wa mwisho wa mzunguko wake na kumwuliza: ukifika hapa, bei ni ngapi, na umejuaje?